MCHANGA KATIKA KISIMA: Jinsi unavyozuiwa usiharibu visima vya maji, mafuta na gesi

Kisima chaweza kufa ilhali maji yamo tele ndani yake. Jambo hili si geni kwa wakazi wa mikoa ya kati ya Tanzania. Kisima huchimbwa, pampu hufungwa, na kijiji hushangilia. Baada ya muda chini ya ndoo huonekana punje chache za mchanga. Kisha mkono wa pampu huwa mzito, maji hutoka kidogo kidogo, na hatimaye hayatoki kabisa. Watu hudhani kwamba maji yamekauka, na akina mama hurudia safari ndefu ya kwenda kuchota mtoni. Kumbe mara nyingi maji hayakukauka. Mchanga ndio uliokula vali na mipira ya pampu, au uliokijaza kisima kutoka chini.

Adui huyu huyu hupatikana pia katika visima vya mafuta na gesi, ambavyo huchimbwa hadi kina cha maelfu ya mita na kugharimu mamilioni ya dola. Kina na gharama vyatofautiana, lakini sheria za maumbile zinazousukuma mchanga ni zile zile. Kwa sababu hiyo mwanafunzi anayekielewa vyema kisima cha kijijini kwao amekwisha kuanza kukielewa kisima cha mafuta.

Nchi ya matale

Sehemu kubwa ya mkoa wa Singida imekaa juu ya miamba ya kale sana, hasa matale, ambayo umri wake wapita miaka milioni 2,500. Majabali makubwa yanayoonekana kandokando ya mji wa Singida na ziwa Singidani ni vichwa vya miamba hiyo. Itale lenyewe ni gumu wala halina nafasi za kuhifadhi maji. Maji hupatikana mahali pa namna mbili: ndani ya nyufa za mwamba, na katika tabaka la juu ambalo limeoza kwa jua, mvua na hewa kwa muda wa karne nyingi mno.

Tabaka hilo lililooza ndilo chanzo cha neema na cha taabu. Itale linapooza, baadhi ya madini yake hugeuka kuwa udongo wa mfinyanzi, lakini kwazi, ambayo ni ngumu, hubaki ikiwa punje za mchanga. Basi mchimbaji anayetafuta maji hukutana na mchanganyiko wa mfinyanzi, ulanga na mchanga wa kila ukubwa. Maji yamo humo, lakini mchanga nao u tayari kuyafuata.

Kisima kinachofika kwenye mwamba mgumu wenye nyufa huhitaji bomba la kinga katika sehemu ya juu tu; chini mwamba hujishikilia wenyewe. Lakini kisima kinachotegemea maji ya tabaka lililooza hakina budi kuwekewa chujio. Mvua za Singida ni chache, aghalabu kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, na hunyesha katika msimu mmoja. Kwa hiyo kisima kikifa mwezi wa Agosti, hakuna mvua ya kukiokoa kijiji mpaka mwisho wa mwaka.

Ni nini kinachozishika punje?

Kabla ya kuuliza namna ya kuuzuia mchanga, yafaa kuuliza kwa nini haumiminiki wakati wote. Punje za mchanga chini ya ardhi hushikwa na nguvu nne.

Ya kwanza ni gundi ya asili. Maji yanayopita kati ya punje kwa muda mrefu huacha chokaa, kwazi au mfinyanzi, na vitu hivyo huziunganisha punje kuwa jiwe. Mchanga wa zamani uliofukiwa chini sana huwa na gundi nyingi, na mchanga mchanga kwa umri, ulio karibu na uso wa nchi, huwa na gundi kidogo.

Ya pili ni msuguano. Uzito wa miamba iliyo juu huzibana punje, na punje zilizobanwa hazitelezi kwa urahisi.

Ya tatu ni mvutano wa uso wa maji. Kila mtoto aliyecheza na mchanga anafahamu kwamba mchanga mkavu humwagika, mchanga wenye unyevu husimama kama ukuta, na mchanga uliozama majini huanguka tena. Unyevu kidogo hufanya utando mwembamba unaozivuta punje pamoja. Maji yakijaa nafasi zote, utando hutoweka na nguvu yake hutoweka nayo.

Ya nne ni tao. Mbele ya tundu dogo, punje kadhaa huweza kuegemeana na kufanya tao, mfano wa tao la mawe juu ya mlango. Tao hilo huzuia punje zilizo nyuma yake huku likiyaruhusu maji kupita. Lakini ni tao dhaifu: mkondo ukibadilika ghafla, huvunjika, na mchanga humiminika mpaka tao jingine lijengeke.

Mkondo unapokuwa mkali

Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyeshughulikia maji ya mji wa Dijon, alichapisha matokeo ya majaribio yake ya kupitisha maji katika mapipa ya mchanga. Aligundua kwamba wingi wa maji yapitayo hulingana na tofauti ya kanieneo baina ya ncha mbili za mchanga. Anayetaka maji mengi hana budi kuongeza tofauti hiyo, yaani kuyavuta kwa nguvu zaidi. Lakini kadiri maji yanavyokwenda kasi, ndivyo yanavyoikokota kila punje kwa nguvu.

Tena maji yanayokielekea kisima hutoka pande zote na kukusanyika mahali pamoja, kama watu wengi wanaokimbilia mlango mmoja. Kasi yake huongezeka kadiri yanavyokaribia. Maji yaliyo sentimita 10 kutoka katikati ya kisima huenda kasi mara 100 kuliko yaliyo mita 10. Kwa sababu hiyo vita ya mchanga hupiganwa katika sentimita chache zinazokizunguka kisima.

Tuchukue mfano wa hesabu. Bomba lenye kipenyo cha sentimita 11 limetobolewa mianya kwa urefu wa mita 6. Eneo la uso wake ni karibu mita za mraba 2. Ikiwa mianya ni asilimia 5 ya uso huo, njia ya maji ni mita ya mraba 0.1 tu. Pampu ya mkono hutoa karibu mita moja ya ujazo kwa saa. Gawa 1 kwa 0.1: maji yanapita kwenye mianya kwa kasi ya mita 10 kwa saa, yaani milimita 2.8 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa upole.

Sasa kijiji kimekua, na pampu ya mkono imeondolewa na kufungwa pampu ya injini au ya nguvu za jua inayotoa mita za ujazo 12 kwa saa katika kisima kile kile. Kasi huwa sentimita 3.3 kwa sekunde. Wachimbaji wa visima kwa muda mrefu wametumia sentimita 3 kwa sekunde kuwa kipimo cha juu ambacho si vizuri kukipita. Na kama nusu ya mianya imezibwa na kutu au mfinyanzi, kasi huongezeka maradufu. Hapo kisima kilichotoa maji safi kwa miaka kumi huanza kutoa mchanga, na watu humlaumu fundi wa pampu mpya, ilhali pampu yenyewe ni nzima. Kosa limo katika kukitaka kisima kitoe zaidi ya kilivyoundwa kutoa.

Changarawe yenye kipimo

Dawa kongwe ya mchanga ni changarawe. Kati ya bomba lenye mianya na ukuta wa shimo huachwa nafasi ya sentimita kadhaa, nayo hujazwa changarawe. Changarawe huuzuia mchanga, na mianya ya bomba huizuia changarawe. Lakini si kila changarawe yafaa. Ikiwa kubwa mno, mchanga hupenya katikati yake kana kwamba hakuna kitu. Ikiwa ndogo mno, maji nayo hushindwa kupita, na mfinyanzi huiziba upesi.

Kipimo kinachofaa ni kipi? Jibu laweza kupatikana kwa jiometri ya darasani. Chukua tufe tatu zilizo sawa, zinazogusana. Vitovu vyake hufanya pembetatu yenye pande sawa, na kila upande ni sawa na kipenyo cha tufe. Mwanafunzi akikokotoa ukubwa wa tufe dogo kabisa linaloweza kupenya katikati ya hizo tatu, atapata kwamba kipenyo chake ni 0.155 ya kipenyo cha tufe kubwa, yaani kama sehemu moja kati ya sita na nusu. Kwa hiyo changarawe iliyo kubwa mara sita kuliko punje za mchanga, ikishindiliwa vizuri, huzikamata punje hizo mlangoni.

Mwaka 1974 mtaalamu wa mafuta wa Marekani, R. J. Saucier, alitangaza matokeo ya majaribio yaliyofikia karibu pale pale: ukubwa wa kati wa changarawe uwe mara tano hadi sita ya ukubwa wa kati wa mchanga. Kanuni hiyo bado hutumiwa katika visima vya mafuta ulimwenguni, na wachimbaji wa visima vya maji hufuata kanuni zinazokaribiana nayo. Ikiwa mchanga una punje za robo milimita, changarawe itakuwa ya milimita 1.25 hadi 1.5, na mianya ya bomba itakuwa nyembamba kuliko hapo.

Ili kanuni hiyo itumike, sharti mchanga wenyewe upimwe. Udongo unaotoka shimoni wakati wa kuchimba hukaushwa na kupitishwa katika machekeche yanayopungua matundu, na kile kinachobaki katika kila chekeche hupimwa kwa mizani. Kazi hiyo huchukua saa chache. Fundi anayeacha kuifanya na kumwaga kokoto zozote zilizo karibu hukisia, na kijiji ndicho kitakacholipa gharama ya makisio yake.

Changarawe nzuri ni ya mviringo, ya kwazi, iliyooshwa, kama ile iokotwayo mitoni. Kokoto za kupasua kwa nyundo zina ncha kali, hazijipangi vizuri, na ncha zake humeguka. Baada ya changarawe kuwekwa, kisima husafishwa: maji husukumwa na kuvutwa mara nyingi, au hewa hupulizwa chini, mpaka vumbi laini lililo karibu na bomba litoke lote na punje kubwa zibaki zimepangana. Kazi hii huendelea mpaka maji yatoke maangavu. Mwisho, sehemu ya juu huzibwa kwa mfinyanzi na saruji ili maji machafu ya juu yasiteremke ndani.

Kutoka maji hadi mafuta na gesi

Watu wengi hudhani kwamba mafuta na gesi hukaa chini ya ardhi katika mapango au maziwa. Sivyo. Aghalabu hukaa katika nafasi ndogo zilizo kati ya punje za miamba ya mchanga, kama vile maji ya kisima cha kijiji. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, na ile ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, imo katika miamba ya namna hiyo.

Zile nguvu nne zinazozishika punje zimo huko pia, lakini kina huongeza jambo moja kubwa. Katika kina cha mita 2,000, uzito wa miamba iliyo juu hufanya kanieneo ya megapaskali 45 hivi. Majimaji yaliyo kati ya punje hubeba sehemu yake, tuseme megapaskali 20, na punje hubeba 25 zilizosalia. Sheria hii ya kugawana mzigo ilielezwa na mhandisi wa Austria Karl Terzaghi katika miaka ya 1920. Mafuta yanapovutwa, kanieneo ya majimaji hushuka. Ikifika 12, punje zabeba 33. Mwamba ambao ulikuwa imara siku ya kwanza huweza kupondeka baada ya miaka kadhaa ya uvunaji na kuanza kutoa mchanga. Kadhalika maji yanapoanza kuingia katika kisima cha mafuta, ule utando mwembamba uliozivuta punje hutoweka, na mchanga hufuata.

Hasara yake ni kubwa kuliko ya pampu ya kijiji. Gesi husafiri bombani kwa kasi, na kila punje iliyomo huwa kama risasi ndogo. Mahali bomba linapopinda, punje hushindwa kupinda nalo. Hulipiga na kulila. Kasi ikiongezeka maradufu, ulaji wa chuma huongezeka zaidi ya mara nne. Bomba likitoboka, gesi huweza kuvuja na kuwaka moto.

Dawa zinazotumika ni za namna kadhaa. Ya kwanza na ya rahisi ni kukivuta kisima polepole na kutokifungua wala kukifunga kwa ghafla, ili matao ya mchanga yasivunjike. Ya pili ni machujio: mabomba yenye mianya, au yaliyozungushiwa waya kwa mianya isiyofikia milimita moja. Ya tatu ni changarawe iliyopimwa. Ya nne ni kusukuma ndani ya mwamba gundi maalumu ambayo hukauka na kuziunganisha punje, pasipo kuziba nafasi zote. Juu ya ardhi huwekwa mitambo ya kuzungusha majimaji kwa kasi ili mchanga utupwe kando, na vifaa vinavyosikiliza sauti ya punje zikigonga bomba.

Kila dawa ina gharama yake. Chujio lolote huyapunguzia mafuta njia, na likiziba, kulitoa ni kazi kubwa. Kwa hiyo wataalamu hupima kwanza: je, mwamba huu utatoa mchanga, lini, na kwa mkondo wa nguvu gani?

Singida na mafuta

Mambo haya yaihusu Singida kwa njia mbili. Njia ya bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, yapita katika mkoa huu. Mafuta hayo yaligunduliwa kando ya Ziwa Albert mwaka 2006. Mchanga unaoyahifadhi ni mchanga wa kijiolojia wa umri mdogo, wenye gundi kidogo, na ndiyo maana udhibiti wa mchanga ni sehemu ya kazi ya kuvichimba visima vyake. Mafuta yenyewe yana nta nyingi, kwa hiyo bomba limeundwa ili yapite yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi. Kabla ya safari hiyo ndefu, mchanga na maji hapana budi vitenganishwe nayo kule kule yanakochimbwa.

Pili, magharibi na kaskazini mwa nyanda za juu za Iramba nchi hushuka kwenye bonde la Wembere na ziwa Kitangiri. Hapo itale limefunikwa na mashapo yaliyoletwa na mito. Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania limekuwa likilichunguza bonde la Eyasi-Wembere, linalogusa mikoa kadhaa, Singida ukiwa mmojawapo. Kuchunguza si kupata, na hakuna awezaye kuahidi mafuta. Lakini endapo yatapatikana katika mashapo ya bonde hilo, swali la mchanga litakuwa miongoni mwa maswali ya kwanza.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili bila maabara. Vyahitajika chupa tatu za plastiki zilizokatwa vitako, vipande vya wavu wa dirishani wa kuzuia mbu, kitambaa, na mchanga mkavu uliopita katika chekeche la unga. Chupa hugeuzwa mdomo chini. Mdomo wa chupa ya kwanza na ya pili hufungwa kwa wavu, na wa chupa ya tatu kwa kitambaa kizito.

Katika chupa ya kwanza ziwekwe kokoto za ukubwa wa maharage, kina cha sentimita 8. Katika ya pili iwekwe changarawe ya ukubwa wa punje za uwele, kina kile kile, nayo ishindiliwe kwa kugongagonga chupa. Ya tatu isiwekwe changarawe. Kisha kila chupa iongezwe mchanga, kina cha sentimita 8, na maji yamiminwe taratibu kwa kipimo kilicho sawa.

Chupa ya kwanza itatoa maji upesi pamoja na mchanga mwingi. Ya tatu itazuia mchanga, lakini maji yatachelewa, na yatachelewa zaidi ikiwa mchanga una vumbi. Ya pili itatoa punje chache mwanzoni, kisha maji yatatoka bila mchanga. Hapo chupa hiyo ibinywe na kuachwa ghafla mara kadhaa: punje zitaonekana tena, maana matao yamevunjika. Mchanga uliotoka katika kila chupa ukaushwe na kupimwa, na muda wa maji kupita uandikwe.

Shule iliyo karibu na kisima yaweza kwenda mbele zaidi. Mara moja kwa mwezi wanafunzi wajaze maji ya kisima katika chupa nyeupe ya lita moja, waiache itulie kwa saa moja, na wapime unene wa mchanga uliotua chini. Tarakimu hizo, zikiandikwa mwaka mzima, zitaonyesha kama kisima kimeanza kuugua kabla pampu haijakwama. Ni taarifa yenye manufaa kwa kamati ya maji ya kijiji na kwa mafundi wa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ulioanzishwa mwaka 2019, maana kisima kilichoanza kutoa mchanga kidogo bado huweza kuokolewa kwa kupunguza mkondo au kukisafisha upya. Kilichojaa mchanga huweza kuhitaji kuchimbwa kingine.

Maswali kwa wanafunzi

1. Onyesha kwa jiometri kwamba tufe dogo linalopenya kati ya tufe tatu sawa zinazogusana lina kipenyo cha 0.155 ya kipenyo cha mojawapo ya hizo.

2. Kisima kina bomba lenye kipenyo cha sentimita 15, lenye mianya kwa urefu wa mita 9. Mianya ni asilimia 8 ya uso. Kokotoa wingi wa maji unaoweza kuvutwa kwa saa bila kuipita kasi ya sentimita 3 kwa sekunde.

3. Kwa nini kisima kinachowashwa na kuzimwa mara nyingi kwa siku huweza kutoa mchanga zaidi kuliko kile kinachovutwa polepole mchana kutwa, ingawa jumla ya maji ni ile ile?